Dawa Isiyovuka Barabara

Kati ya nyumba ya Ghati na jengo la wazee alikoishi Mwalimu Ntakirutimana palikuwa na barabara moja tu, ya njia mbili, yenye tuta la kupunguza mwendo na kituo cha basi. Mtu mwenye magoti mazima angeivuka huku akimalizia sentensi aliyoianzia upande wa kwanza. Lakini upande mmoja wa barabara ile dawa ya Mwalimu ilikuwa dawa, na upande wa pili ilikuwa kosa la kumtoa mtu nyumbani kwake na masanduku yake.

Ghati alilielewa jambo hilo mara alipoelezwa, wala halikumshangaza. Alikuwa ameishi Temple Hills muda wa kutosha kujua kwamba Marekani ni nyumba yenye baba na mama wasiosemezana. Ukiruhusiwa na mmoja, usianze kuruka ruka kabla hujamwona mwingine usoni. Jimbo la Maryland lilikuwa limesema bangi ni dawa kwa mgonjwa aliyethibitishwa na daktari. Serikali kuu ya Washington, ambayo kwa gari haikuwa mbali hata chai ikapoa, haikuwa imesema hivyo. Kwake bangi ilikuwa bangi. Na lile jengo la wazee, ingawa lilisimama juu ya udongo wa Maryland, kodi zake zililipwa kwa sehemu kubwa na Washington. Mwenye kulipa ndiye aliyetunga masharti.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekwenda kuuliza. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alifundisha hesabu Bujumbura, akafundisha tena Uvira alipokuwa mkimbizi, na mpaka uzeeni hakuvuka njia taa ikiwa nyekundu hata kama hapakuwa na gari mpaka upeo wa macho. Saratani ilimwachia uhai, ila dawa zilizoiua ziliacha moto kwenye nyayo na vidole vyake. Akilala ilikuwa kama amekanyaga siafu na hawezi kuwakung'uta. Vidonge vyote alivyopewa ama vilimlewesha ama havikumsaidia kitu, mpaka daktari akamthibitishia matone ya mafuta ya bangi, ya kuweka chini ya ulimi kila jioni. Naye, kabla hajanunua hata tone moja, akavaa koti na tai, akashuka ofisini kwa meneja wa jengo, mama wa Kimarekani aitwaye Audrey, akamwuliza kama anaweza kuyaweka chumbani kwake.

Audrey aliinuka akafunga mlango wa ofisi.

"Mzee," alimwambia, "wewe ni mpangaji ninayempenda, kwa hiyo swali hilo sijalisikia. Jimbo limekuruhusu. Wanaolipia chumba chako hawajakuruhusu. Nisipoona, sijui. Lakini mkaguzi wao akiona, na mimi nimesimama pembeni yake, nitalazimika kukuandikia utoke."

Mwalimu alimshukuru, akavuka barabara, akaja kukaa jikoni kwa Ghati. Walijuana kanisani, ambako Ghati aliitwa Mama Anna. Marehemu mkewe na Ghati walikuwa wakipika pamoja kwenye harusi na misiba ya Waswahili wa pande zile, na alipofariki, Ghati aliendelea kumpelekea Mwalimu sahani ya chakula siku za Jumapili. Alipomaliza kueleza shida yake, Ghati hakuona shida.

"Mwalimu, hii nyumba aliniachia marehemu mume wangu Wambura, na hati ina jina langu. Uraia ninao. Bosi sina, najipikia na kuwapikia watu. Hiyo chupa itakaa hapa."

"Mama Anna, unajua bantu batasema nini?"

"Watasema. Midomo wanayo."

Ghati akajiandikisha kwa jimbo kama mlezi wake, wakaenda pamoja kununua ile chupa. Njia ya mkato ilikuwa Suitland Parkway, lakini Mwalimu, aliyekuwa amesoma kila kitu, alimkumbusha kwamba barabara ile ni ardhi ya serikali kuu. Wakarudi kwa Branch Avenue, taa baada ya taa, Ghati akilalamika na Mwalimu ameukumbatia mfuko wa karatasi kama mtu aliyebeba mayai.

Tangu hapo, kila jioni baada ya taarifa ya habari, Mwalimu alivuka barabara. Alikaa jikoni, akafunua mdomo kama mtoto, akaweka matone yake chini ya ulimi, wakabishana kuhusu jambo lolote lililokuwa karibu, halafu akarudi kwake kulala. Na alilala. Hilo ndilo Ghati alilolijali. Mtu aliyekuwa akitembea akishika kuta alianza tena kuja na viatu vilivyopigwa rangi.

Shida ni kwamba Mama Chepkirui aliishi ghorofa ya tatu ya jengo lile, na dirisha lake lilitazama mlango wa Ghati kama televisheni. Mama Chepkirui alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mjane kutoka Bomet, mkarimu kwa kila kitu isipokuwa kunyamaza. Alimwona Mwalimu akiingia jioni. Alimwona akitoka na uso uliolainika, akitabasamu peke yake njiani. Kwa mawazo yake kulikuwa na maelezo ya aina moja tu.

Jumanne Mwalimu alikuja mapema kuliko kawaida, na hakukaa.

"Mama Anna, unipe kale kachupa kangu."

"Kwani unasafiri?"

"Mama Chepkirui amenisimamisha kwa lifti. Ananiambia kanisa yote inasema juu yetu. Ananiuliza kama sina haya, mtu mukubwa kama miye." Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama anayehojiwa na mkaguzi wa shule. "Wewe ulinisaidia. Siwezi kukulipa kwa kukuharibia jina."

"Jina ni langu. Nimelalamika?"

"Haulalamike, ndio maana miye naona haya."

"Na utaiweka wapi? Barabarani? Kule kwako ni marufuku, unajua."

"Nitatafuta nyumba ingine. Kuna mwanafunzi wangu wa zamani, iko Annandale..."

"Annandale ni Virginia! Utavuka jimbo na hiyo chupa? Kila siku? Kwa miguu hiyo?"

Mwalimu alinyoosha mkono tu. Na Ghati, aliyekuwa na unga mikononi na hasira kifuani, hasira ya kuamuliwa mambo yake na watu waliokaa madirishani, akafungua kabati akamkabidhi. Chupa ilikuwa yake. Lakini mlango ulipofungwa alijua amefanya kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la kiburi: alitaka abembelezwe kidogo.

Jioni ile Mwalimu hakuja. Wala iliyofuata.

Ijumaa mchana kengele ililia. Ghati alifungua akaona ujumbe mzima. Mbele alisimama Simiyu, mzee wa kanisa, Mkenya wa Bungoma mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti, mfanyakazi wa posta aliyekuwa na mapumziko siku hiyo. Nyuma yake Nahimana, shemasi kijana, Mrundi, ameshika keki kwa mikono miwili. Mwisho Mama Chepkirui, amejifunga kitenge cha sherehe, ana kreti ndogo ya soda.

"Hodi kwa amani, Mama Anna," alisema Simiyu. "Hatukuja kwa ubaya."

"Anayekuja kwa ubaya haleti keki. Karibuni."

Waliketi. Soda zikafunguliwa. Simiyu akakohoa, akasema habari za upweke, akasema habari za majani yanayoanguka na baridi inayokuja, akasema kwamba kanisa ni familia na familia haiwezi kuona taa mbili zinawaka nyumba mbili tofauti ilhali mafuta ni ya chupa moja. Ghati alishtuka kusikia chupa. Halafu alimtazama Mama Chepkirui, akakitazama kile kitenge, akaelewa.

"Simiyu. Mnaniposa?"

"Tunarekebisha," Simiyu alisema kwa upole.

"Mwalimu amewatuma?"

"Mwalimu tutamwambia baadaye. Tumeanza na wewe kwa sababu wewe ndio mgumu."

Nahimana alikohoa ndani ya soda yake. Ghati naye alitaka kucheka, lakini alijizuia.

"Kwa hiyo mmekuja kumposea mtu ambaye hajui kama anaoa. Na mimi nikikubali, kanisa ndilo litakalomfulia soksi?"

"Mama Anna, usichukue hivyo," aliingilia Mama Chepkirui. "Sisi tunawapenda. Ni hizo jioni. Watu wanaona."

"Watu wangapi wana dirisha kama lako, Mama Chepkirui?"

"Hata kama ni mimi pekee! Nikiona, nimeona." Akatazama simu yake. "Lakini tuharakishe, mimi niko na mambo kwa building. Wale ma-inspector wa serikali walikuwa waje Monday, sasa wamekuja leo. Wanaingia kila nyumba. Kwangu wamefungua mpaka friji, wakaangalia mlango wake na zile rubber. Wakati nilitoka walikuwa wanapanda ya nne."

Mwalimu alikaa ghorofa ya sita.

Ghati aliweka chupa yake ya soda mezani. Alichukua simu, akampigia. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mwalimu huiacha simu kwenye mfuko wa koti, na koti hulitundika nyuma ya mlango, na akiwa na maumivu hainuki kwa ajili ya simu ya yeyote. Akili ya Ghati ilitembea haraka na kwa mpangilio, kama siku anazopikia watu mia mbili na gesi imekatika. Chupa iko kwenye friji, kwa kuwa karatasi yake ilisema iwekwe mahali pa baridi, na Mwalimu hutii karatasi. Wakaguzi wataifungua friji. Audrey atakuwa amesimama pembeni. Na mlango wa chini wa jengo haufunguki kwa mgeni mpaka mpangaji amfungulie.

Mpangaji pekee aliyekuwa karibu alikuwa ameketi kwenye kochi lake, amevaa kitenge cha harusi.

Kuna watu ambao katika saa kama hiyo wangetafuta uongo wa kutosha kuwafikisha mlangoni. Ghati hakuwa na subira ya kutunga.

"Nisikilizeni," alisema amesimama. "Mwalimu hanitembelei mimi. Anakuja kunywa dawa. Dawa yake ni mafuta ya bangi, daktari amemthibitishia, Maryland imemruhusu, na mimi nimeandikishwa kumtunzia. Ilikaa hapa kwa sababu jengo lake ni la pesa ya Washington, na Washington inasema bangi ni bangi. Mama Chepkirui alipomwaibisha kwenye lifti, akaja kuichukua ili asiniharibie jina. Sasa iko kwenye friji yake, na wakaguzi wanapanda. Wakiikuta, hana pa kulala."

Kilichofuata Ghati alikisimulia baadaye kwenye misiba na harusi, na kila mara watu walimtaka arudie.

Simiyu alisimama kama aliyeketi juu ya pasi. "Mama Anna, mimi nafanya kazi posta. Posta ni ya serikali kuu. Nimekula kiapo. Hilo neno sijalisikia." Akafungua mlango, akatoka barazani na soda yake.

Nahimana aliiweka keki chini, akaziba masikio. "Mama, miye nimebakiza kuapa tu! Mwezi ujao nakuwa raia! Wananiuliza habari za bangi kwa mdomo, mbele ya bendera!"

"Hujashika kitu, hujanunua kitu. Umeleta keki."

"Lakini nimesikia!"

"Basi usikie hivyo hivyo, mikono ukiwa umeiacha hapo hapo."

Ghati akamgeukia wa tatu. Mama Chepkirui hakuwa amesogea. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua zawadi akakuta kitu kingine kabisa.

"Kumbe ni dawa," alisema taratibu. "Na mimi nilikuwa nimeshafikiria mpaka rangi ya sare."

"Mama Chepkirui."

"Ni mimi nilimwambia hana haya. Mtu mgonjwa."

"Utalia baadaye, na mimi nitakupikia chai ya kulilia. Sasa hivi nahitaji ufunguo wako."

"Mimi pia nakaa pale. Wakisema nilisaidia, watanitoa. Sina mtoto hapa, unajua."

"Sikuombi ubebe kitu. Sikuombi useme kitu. Nakuomba umfungulie mlango mgeni, kama unavyowafungulia watu wote."

Mama Chepkirui aliinua kreti, akaiweka tena chini, akauchomoa ufunguo uliokuwa umening'inizwa shingoni kwa kamba. "Twende," alisema. "Kabla sijaanza kufikiri."

Barazani Simiyu aliwaona wakipita, Ghati mbele na mkoba mkubwa wa mapishi begani. "Mnaenda wapi sasa?"

"Kumwona mgonjwa," alijibu Nahimana, ambaye alikuwa ameacha kuziba masikio kwa sababu alikuwa ameichukua keki tena.

Simiyu alifikiri. Ilionekana wazi kwamba alikuwa akizipitia sheria zote anazozijua, za jimbo, za serikali kuu na za kanisa. "Kumwona mgonjwa si kosa popote," alisema hatimaye, akashuka ngazi kuwafuata.

Walivuka barabara wote wanne. Lifti ilikuwa imeshikiliwa ghorofa ya tano, wakapanda ngazi. Kwenye mlango wa ghorofa ya tano walisikia sauti za redio na mtu akijaribu king'ora cha moshi. Mama Chepkirui alipumua kama ng'ombe anayepanda mlima, lakini hakusimama.

Mwalimu aliwafungulia akiwa ameshika kitasa kwa mikono miwili. Alikuwa mwekundu wa macho, kijivu usoni, miguu mitupu juu ya taulo lenye maji baridi. Aliliona lile kundi, akajaribu kuvuta koti kutoka nyuma ya mlango ili awe mtu wa heshima.

"Iko wapi?" Ghati aliuliza.

"Nyuma ya pilipili."

Ghati alifungua friji, akasogeza gudulia la pilipili, akaiona. Haikuwa imeguswa. Mafuta yalifika pale pale alipoyaacha Jumanne.

"Mwalimu! Hukunywa hata siku moja?"

"Kuiweka hapa nimekosa tayari," alisema Mwalimu. "Kuinywa hapa ningekosa mara mbili."

Ghati hakuwa na nafasi ya kumgombeza ipasavyo. Aliitumbukiza chupa ndani ya mkoba, kati ya mwiko na aproni, akavuta zipu. Hapo hapo mlango ukagongwa.

Aliingia Audrey, na nyuma yake mkaguzi, kijana mrefu mwenye fulana yenye nembo na kompyuta ndogo mkononi. Audrey aliwatazama watu wanne, mgonjwa mmoja na keki moja katika chumba cha kutosha mtu na kiti chake.

"Kuna sherehe?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Kanisa," alisema Simiyu, na kwa kuwa hakujua aendelee vipi, akafanya jambo alilolijua kuliko yote. Alifumba macho, akainua mkono, akaanza kuomba kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuwaamsha wapangaji wa chini. "Bwana, tunamleta mtumishi wako mbele zako! Ibariki serikali ya jimbo, Bwana! Ibariki serikali kuu! Wape kuelewana! Na wakati bado hawajaelewana, Bwana, mkumbuke aliye katikati yao, ambaye ni mguu wake unaouma wala si wao!"

"Amina!" alilia Mama Chepkirui.

Mkaguzi hakuelewa neno, lakini alilelewa vizuri, akavua kofia. Alikagua king'ora cha moshi akiwa kichwa wazi. Alifungua bomba, akafunga. Alifungua friji, akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango, akatazama maziwa, limau na gudulia la pilipili, akafunga. Ghati alisimama katikati ya chumba na mkoba wake begani, hakuuficha wala hakuukumbatia. Mtu anayekumbatia mkoba anauonyesha.

Simiyu alipofika amina, mkaguzi alimgeukia Mwalimu na kumwuliza swali analomwuliza kila mpangaji: je, kuna tatizo lolote katika nyumba hii ambalo angependa kulitaja?

Mwalimu alivuta pumzi. Ghati aliiona ile pumzi na kuifahamu. Ilikuwa pumzi ya mtu ambaye hajawahi kudanganywa na mwanafunzi wala kumdanganya mkubwa, na ambaye sasa amesimama mbele ya mkaguzi wa kweli, ameulizwa swali la kweli. Alikuwa anakwenda kujibu.

"Lipo," alisema Ghati kwa Kiingereza, kabla yake. "Bomba la bafuni linavuja tangu Pasaka. Na la pili, huyu mzee ana maumivu. Mnamwona. Naomba mkimaliza mturuhusu tuondoke naye. Dawa yake mahali pake ni nyumbani kwangu, pale ng'ambo, na anakwenda kuinywa."

Audrey aliinua kichwa. Macho yake yalipita kwenye mkoba, yakapumzika usoni mwa Ghati. "Dawa yake huinywa kwako? Si hapa?"

"Kila siku kwangu."

"Kuna mtu anayelijua hilo?"

Ghati hakuhitaji kujibu. Mama Chepkirui alikuwa ameshapiga hatua mbele, kitenge kimemlegea, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie jengo lile mtu mwenye mamlaka alikuwa akitaka kusikia alichokiona.

"Mimi!" alisema. "Kila jioni! Anatoka hapa baada ya news, anaenda kwa huyu mama, anakaa, anarudi. Dirisha yangu iko pale, ghorofa ya tatu. Mvua ikinyesha anaenda. Baridi ikiwa anaenda. Hajawahi kukosa, isipokuwa hii wiki, na ndio unaona vile ako."

"Kanisa zima linajua," aliongeza Simiyu, ambaye sasa angeweza kuapa hata mbele ya postamasta mkuu. "Hata tulikuwa na kikao."

Audrey alimwambia mkaguzi aandike bomba la bafuni, naye akaliandika, akavaa kofia yake, akatoka kuelekea mlango unaofuata. Audrey alibaki kizingitini.

"Mpeleke," alimwambia Ghati. "Na yale yaliyo ya kwako yabaki kwako."

"Hayatatoka tena."

Walimvika Mwalimu soksi na koti. Kwenye lifti Mwalimu aligeuka, akamtazama Simiyu, akaitazama keki.

"Hii keki ni ya nini?"

Nahimana alitazama sakafu. Simiyu alitazama namba za ghorofa.

"Walikuja kuniposa," alisema Ghati. "Kwa ajili yako."

Mwalimu alinyooka, siafu miguuni na yote. "Miye sikutuma mutu! Siku nitataka kuoa, niko na mudomo wangu!"

"Nimewaambia hivyo hivyo."

"Na bangeanza kwangu! Miye ndiye mwanaume!"

"Walisema mimi ndiye mgumu."

Mwalimu alilipima hilo kwa haki. "Hapo," alisema, "banasema ukweli."

Chini, Ghati aliwasimamisha wote ukingoni mwa barabara. Alikuwa ameamua tangu ghorofa ya sita, na hakuwa na desturi ya kuuliza watu baada ya kuamua.

"Mwalimu, kuanzia leo chupa haitoki kwangu mpaka hao wakubwa wawili wasikilizane. Wakisikilizana kesho, utaichukua kesho. Wasiposikilizana mpaka tunazikwa, utavuka mpaka tunazikwa. Lakini hutavuka peke yako. Mama Chepkirui atakuleta."

"Mimi?" alisema Mama Chepkirui.

"Wewe. Kila jioni, baada ya habari. Utamshika mkono kwenye tuta, utakaa naye jikoni, utaona kila kitu kwa karibu bila kioo katikati. Na mtu yeyote kanisani akiuliza, hatakuwa na haja ya kubahatisha, atakuuliza wewe uliyekuwepo."

"Na mimi ni mpangaji wa serikali, nikae kwa hiyo meza?"

"Ukae unywe chai. Chai Washington hawajaipiga marufuku."

Mama Chepkirui alifikiri, na ilionekana alikuwa akipima kiti cha jikoni dhidi ya kiti cha dirishani, na kwamba cha jikoni kilikuwa kinashinda kwa mbali. Alimpa Mwalimu mkono. Mwalimu aliutazama ule mkono kwa muda, kwa kuwa hakuwa amesahau lifti, kisha akaushika.

Gari lilipita. Lingine likapunguza mwendo kwenye tuta na kusimama kuwapisha. Simiyu alitangulia kuizuia njia kwa mikono miwili kama trafiki, ingawa hakuna aliyemwomba, na Nahimana akafuata na keki. Ghati alifungua mlango wake wa mbele, akauacha wazi kabisa, akaweka birika jikoni. Halafu alitoa chupa kwenye mkoba, akaipangusa kwa aproni na kumwekea Mwalimu mezani.

"Kunywa," alisema. "Halafu nikugombeze."

Mwalimu alifunua mdomo.